Lango la Chini

Katika ukoo wao, mtu akisahau kufunga mlango haambiwi "funga mlango." Anaambiwa, "Usituletee mambo ya Mama Mdogo." Walisema hivyo kwa mlango wa friji, kwa bomba lililoachwa linadondoka, hata kwa zipu ya suruali. Wengi wao hawakujua huyo Mama Mdogo alikuwa nani. Ulikuwa msemo tu wa nyumbani, kama nyumba nyingine zilivyo na ya kwao.

Kitinda alimjua, kwa sababu alikuwa mama yake.

Jumapili moja walikuwa wamekusanyika kwa binamu yake kumwona mtoto mchanga. Kitinda akatoka jikoni na sinia la vikombe, mikono yote imejaa, akaacha mlango wa nyuma wazi. Kitoto cha kike, mjukuu wa mtu fulani pale, kikainuka mkekani, kikaufunga, kikasema kwa sauti ya mtu mzima, "Bibi, usituletee mambo ya Mama Mdogo."

Watu wakacheka. Mtoto naye akacheka kwa furaha ya kuchekesha wakubwa. Kitinda akagawa vikombe vyote, akaketi, akanywa chai yake mpaka chini. Aliporudi nyumbani, mume wake, dereva wa lori aliyezoea kusoma barabara na watu, alimtazama akivua viatu, akamuuliza, "Nani kafa?"

"Bado," Kitinda akasema.

Mambo yenyewe ya Mama Mdogo yalikuwa hivi. Baba yao alikuwa na shamba la ng'ombe wa maziwa. Mke wake wa kwanza alifariki akamwachia mtoto wa kiume. Baadaye akaoa tena, na yule wa pili ndiye ukoo ulimwita Mama Mdogo. Huyo alizaa binti mmoja tu, Kitinda. Siku moja ya kiangazi, baba akiwa safarini, ng'ombe walirudishwa zizini mchana kwa sababu ya jua, wana kiu. Wakatoka. Wakateremka mpaka kwenye josho la kuogeshea mifugo, wakanywa maji ya dawa yaliyokuwa yamemwagwa shimoni. Jua linazama walikuwa chini, ndimi nje, na wengi hawakuinuka tena.

Baba aliporudi alimkuta dada yake ameshafika na kesi imeshakwisha. Mama Mdogo hakufunga lango. Mama alisema zizi lina malango mawili, la juu ni lake na alilifunga kwa mnyororo. La chini si lake. Hapo ndipo alipojimaliza, kwa sababu la chini lilikuwa la mtoto wa marehemu. Shangazi akawauliza waliokuwepo kama wamewahi kuona mama wa kambo asiyemsingizia yatima.

Kitinda alikuwa na miaka minane. Mchana ule alikuwa juu ya mnara wa tangi la maji, mahali alipokatazwa, na alimwona kaka yake akipitisha baiskeli lango la chini na kuacha komeo kwenye majani. Alisema. Shangazi akamzaba kofi na kumwambia amefundishwa na mama yake. Haikupita wiki, yeye na mama yake walikuwa barabarani na sanduku la bati. Baba hakuishi sana baada ya hapo. Shamba likauzwa, nyumba ikabomolewa, na leo pale kuna maghala ya saruji. Kilichobaki ni hadithi, na hadithi ilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe ni kaka. Alikuwa dalali wa mnada, mtu wa kuuza kitanda kibovu kwa wanandoa wapya na wakamshukuru. Ukoo ulimwita Msemaji. Harusi, msiba, kikao, yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti, na kila watu waliposhiba alisimulia habari ya ng'ombe. Kwa miaka mingi ya kusimuliwa, lango la chini lilikuwa limepotea katika hadithi. Lilibaki lango moja, mama mmoja msahaulifu, na kijana mmoja anayekimbia juani kuokoa mali ya baba yake.

Baada ya ile Jumapili, Kitinda alianza kulijenga shamba.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Nyuma ya zahanati alikuwa na chumba chenye meza ndefu, taa ya spiriti, magunia ya plasta, nta ya kila rangi na vikopo vya meno yaliyopangwa kama punje za mahindi. Madaktari walimletea vipimo vya vinywa, naye aliwarudishia vinywa vyenye uwezo wa kutafuna. Aliisogeza kazi ya watu upande mmoja wa meza. Upande wa pili akalaza ubao mpana, akaumiminia plasta, akaanza kuchonga mteremko kutoka nyumbani hadi josho.

Mara ya kwanza alikosea vibaya. Jiko la mama lilitoka kubwa kuliko zizi. Mnara wa tangi ulipita juu ya kila kitu kama unataka kufika mbinguni, na shangazi, aliyekuwa amemchongea kiti barazani, alihitaji kiti cha ukubwa wa gari. Kitinda akatazama, akaona amejenga shamba la mtoto wa miaka minane. Akalivunja lote kwa nyundo. Mara ya pili alitafuta vipimo kwa miili ya watu. Baba alikuwa akifika kwenye tangi bila kuinua mkono, kofia yake ikigusa bomba. Mama aliweza kuegemeza kidevu kwenye lango la juu. Ukuta wa mawe uliozunguka bustani, kutoka pembe ya zizi hadi ukuta wa jiko, ulimfika baba kifuani. Alikuwa ameujenga makusudi ili ng'ombe wasile maharage. Hapo shamba likaanza kukaa sawa.

Wiki zikapita. Mume wake alimletea chakula kwenye bakuli, akasimama mlangoni, akatazama vibanda vinavyoota juu ya plasta.

"Umehamia huku moja kwa moja, au nikutarajie nyumbani siku za sikukuu?"

"Nikimaliza nitarudi."

"Ukimaliza kujenga au ukimaliza na kaka yako?"

Kitinda alikuwa anachonga ng'ombe. Aliwachonga kwa nta, akawatoa kwa akriliki ileile ya meno, weupe wenye mabaka, kila mmoja na pembe zake alivyomkumbuka. Yule aliyekuwa na pembe moja iliyoinama alimfanya mara nne mpaka akafanana.

Kitu kimoja kilimshinda kukumbuka sawasawa, au labda alitaka tu kukisikia. Akampigia simu Msemaji.

"Kaka, shikamoo. Nakutengenezea zawadi ya sherehe yako ya miaka sitini. Nalijenga shamba la baba, lote, dogo la kuweka mezani."

Msemaji akafurahi mpaka sauti ikamkatika. Alitaka kujua kama ameuweka mwembe, kama ameiweka trekta mbovu, kama nyumba ina rangi ya kijani au ile ya mwanzo.

"Vyote vipo. Ila lile lango la chini, la kwenda josho, lilikuwa linafungwaje?"

"Aah, lile. Lile nililitengeneza mimi. Komeo lake lilikuwa ekseli ya ile trekta. Wewe ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka. Pale nyumbani hakuna aliyeweza kuliinua isipokuwa mimi. Hata baba alikuwa ananiita, 'Kijana, njoo uniinulie mlima wako.'"

"Na mama je?"

"Mama yako? Yule hata ndoo alijaza nusu." Akacheka, si kwa ubaya. "Liweke, mdogo wangu. Liweke vizuri watu walione."

"Nitaliweka," Kitinda akasema. Akakata simu, akakaa mbele ya taa ya spiriti, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili akahisi njaa.

Siku ya sherehe walilibeba shamba kwa pikapu ya kuazima, limefunikwa shuka. Nyumba ya Msemaji ilijaa watoto, wajukuu, wapwa, binamu na majirani. Shangazi tu ndiye hakuwepo. Miguu ilikuwa imemkatalia safari. Walipokwisha kula, shamba likawekwa katikati ya sebule na Msemaji mwenyewe akavuta shuka.

Watu wazima wakaguna kwa pamoja. Baba mdogo, ndugu wa baba yao, mzee aliyekuwa amelima pale ujana wake, akainama mpaka miwani ikamwanguka kwenye bustani ya maharage. Msemaji akaingia kazini papo hapo. Akauza kila kitu: tangi, banda, mti, josho. Alipofika lango la chini aliingiza ukucha chini ya komeo, kipande cha chuma kizito Kitinda alichokikata makusudi, akaliinua kwa shida, akawaambia wote yale aliyosema kwenye simu. Hakuna aliyeweza kuliinua isipokuwa yeye. Hata baba alikuwa anamwita. Watu wakampigia makofi.

"Kaka," Kitinda akasema, "hawa watoto wameisikia tu ile habari ya ng'ombe. Leo shamba lipo. Waonyeshe ilivyokuwa."

Akaombwa na wengine pia, na huyo si mtu wa kuombwa mara mbili. Akarudisha komeo mahali pake. Akasimulia jua la siku ile, kiu ya ng'ombe, jinsi Mama Mdogo alivyoingia jikoni na kusahau. Akafungua lango la juu kwa kidole. Akamtoa ng'ombe wa kwanza, yule wa pembe iliyoinama, akamtembeza. Ng'ombe akapita mbele ya bustani. Akafika kwenye ukuta wa mawe. Msemaji akamgeuza upande wa pili, akafika kwenye ukuta wa jiko. Akamrudisha langoni, akaanza upya, akaishia pale pale, barazani, penye kile kiti cha shangazi.

"Mpitishe nyuma ya jiko," mtu akasema.

"Ni ukuta," baba mdogo akajibu polepole, akifuta miwani yake. "Ulikuwa ukuta mtupu. Nilibeba mawe yake mimi."

Msemaji alibaki na ng'ombe mkononi. Mpwa mmoja, msichana mwenye akili za haraka na mdomo wa haraka zaidi, akasema, "Sasa si wapitie hili la chini? Linaenda moja kwa moja."

Waliokuwa wameelewa waliwatazama ambao walikuwa wanaelewa. Ndipo mke wa Msemaji, aliyekuwa amesimama na jagi la maji, akauliza, "Na wewe siku hiyo ulikuwa wapi, baba watoto?"

Msemaji akafungua mdomo. Kitinda alimwangalia usoni bila kupepesa. Alikuwa ameingoja sura ile zaidi ya miaka arobaini na hakutaka impite hata chembe. Mdomo ukafunguka, ukajifunga, ukafunguka tena. Halafu mtu akakumbuka keki, na watu wote kwa mara moja wakawa na haja kubwa ya keki.

Siku chache baadaye Msemaji alikuja kwenye karakana ya Kitinda. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa wanaokuja kujaribu meno, akaonekana mdogo.

"Wanangu hawanipigii simu," akasema. "Wifi yako ananipikia lakini haniulizi kama nimeshiba. Unataka nini, Kitinda?"

"Ulikwenda wapi na ile baiskeli?"

Msemaji akasema, "Kulikuwa na binti mmoja, ng'ambo ya mto."

"Mama yangu aliondoka na sanduku la bati kwa sababu ya binti ng'ambo ya mto."

"Nilikuwa kijana. Nikaogopa. Halafu aliyesema ni shangazi, si mimi. Mimi sikusema kitu."

"Siku ile hukusema. Baadaye umesema miaka yote." Akaifuta nta kisuni. "Utapita nyumba kwa nyumba, kote ulikosimulia. Mimi nitalibeba shamba. Utaliinua komeo mbele yao na kusema ni wewe."

Msemaji akatazama safu ya meno kwenye meza, yote yamekenua. "Nikikataa?"

"Nitapita mwenyewe. Na mimi sijui kuhadithia vizuri kama wewe. Nitasema vibaya."

Basi wakaenda. Mume wa Kitinda aliendesha pikapu, Msemaji akakaa katikati kama mtuhumiwa, shamba nyuma limefungwa kamba. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya yule binamu mwenye mtoto mchanga. Msemaji alisimama mbele ya shamba, jasho likimtoka, maneno yakimkwama kama miiba ya samaki. "Lango... si Mama Mdogo. Mimi ndiye... nilipita na baiskeli." Komeo likamponyoka mara mbili. Binamu akaweka mkono mdomoni. Kitinda alikuwa amesimama karibu na mlango, na roho yake ilitulia kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi baada ya safari ya jua. Njiani kurudi alikuwa anaimba chinichini. Mume wake akamtupia jicho.

Nyumba ya pili ilikuwa ya baba mdogo. Pale Msemaji hakukwama sana. Aliweka vituo mahali pake. Alisema "kijana asiye na mama, mwenye hofu," akainamisha kichwa, na baba mdogo akamshika bega.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mpwa wao mkubwa, mtoto wa binamu, mwenye sebule pana na watu wengi. Habari ilikuwa imetangulia. Walikuta viti vimepangwa. Msemaji alipoviona viti, mgongo ukamnyooka. Alianza kwa sauti ya chini ili watu wasogee. Akawapa jua, akawapa kiu, akawapa baiskeli yenye kengele, na binti ng'ambo ya mto akawa na gauni la maua. Alipofika kwenye komeo alisubiri. Aliliinua kwa vidole viwili, akaliachia lianguke juu ya ubao, tik, na wanawake wawili wakaanza kulia. Kisha akafuta macho yake mwenyewe, akatabasamu kwa huzuni, akasema, "Kwa hiyo kuanzia leo, mtoto akiacha mlango wazi, msimwambie mambo ya Mama Mdogo. Mwambieni asiwaletee mambo ya Msemaji."

Watu walicheka huku wanalia. Walimkumbatia. Mwenye nyumba alimfungia kuku wawili. Mzee mmoja jirani, ambaye wala si wa ukoo, alimshika Kitinda mkono akamwambia, "Una bahati, binti. Wanaume wa kukiri hivi hawazaliwi siku hizi. Kaka yako ni mtu wa kweli."

Ndani ya gari kuku walikuwa wanalia miguuni. Msemaji aliyeketi katikati hakuwa mtuhumiwa tena. Alikuwa mtu aliyetoka kazini.

"Unajua," akasema, "nilikuwa naogopa bure. Kusema kweli kunaleta wepesi. Mpwa mmoja wa mjini ameniomba nikaseme na kwa wakwe zake."

Kitinda alikuwa anatazama mbele. Alihisi ulimi wake mchungu. Siku zote hizi alidhani anamvua nguo, kumbe alikuwa anamshonea suti. Alikuwa amemnyang'anya hadithi mbaya akampa nzuri zaidi, na mama yake ndani yake alikuwa bado hana uso. Zamani alikuwa mjinga wa lango, sasa alikuwa mnyororo tu wa lango la juu. Hakuna hata mtu mmoja katika nyumba zote tatu aliyeuliza yule mama aliishia wapi.

"Simamisha gari," akamwambia mumewe.

Akasimamisha. Kitinda akageuka.

"Imebaki nyumba ya shangazi. Pale husemi."

"Lakini shangazi ndiye hasa anayepaswa..."

"Ukifungua mdomo kabla sijakuuliza, utarudi kwa miguu na kuku zako."

Mume wake akakohoa kidogo, kikohozi cha kuficha kicheko, akaondoa gari.

Shangazi aliishi na mjukuu wake wa kike katika nyumba ndogo yenye pazia kila mlango. Alikuwa amekauka, lakini macho yalikuwa yaleyale. Walimwamkia, wakaliweka shamba mbele ya kiti chake, na mume wa Kitinda akarudi garini. Alilitazama muda mrefu. Akanyoosha kidole, akagusa kiti kidogo barazani.

"Umenikalisha mahali pangu," akasema.

"Ndiyo, shangazi. Siku ile ulifika ukakaa hapo." Kitinda hakuketi. Akamgeukia Msemaji. "Kaka, nakuuliza mbele ya shangazi. Mama yangu tulipotoka pale alikwenda kuishi wapi?"

Msemaji akajiweka sawa kujibu, na akagundua hana cha kujibu. "Mjini," akasema.

"Mjini wapi? Alikuwa anafanya kazi gani?"

Akatazama miguu yake.

"Alikufa mwaka gani? Alikufa na nini?"

"Kitinda, mimi sikuambiwa."

"Hukuuliza. Basi nyamaza nikuambie. Alikuwa anafua mashuka ya hospitali. Tulikaa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya kufulia, hakina dirisha, mvua ikinyesha maji yanaingia kwa mlango na tunapandisha sanduku kitandani. Viganja vyake vilipasuka mpaka akawa hawezi kushika sindano. Na kila alipolala aliamka kwenda kuangalia kama amefunga mlango. Anaamka, anashika komeo, anarudi, anaamka tena. Nilikuwa namwambia, mama, umefunga. Anasema, una hakika? Nyinyi mlimwambia mpaka na yeye akaanza kuwaamini. Alifia mle mle, mimi nikiwa chuoni, na jirani aliniambia walimkuta sakafuni karibu na mlango."

Mjukuu wa shangazi alikuwa amesimama kwenye pazia, akaondoka taratibu. Msemaji hakulia. Machozi yaliyokuwa tayari mbele ya watu wengi, mbele ya watu wawili hayakuja.

Shangazi akazungumza mwishowe. "Nilijua," akasema. "Nilikuja kwa njia ya josho siku ile. Niliona komeo kwenye majani."

Kitinda akamngoja.

"Ng'ombe walikuwa wamekufa. Kaka yangu angeua mtu. Lazima mmoja aondoke, na huyu alikuwa damu yangu. Mama yako alikuwa mtu wa kuja." Alisema bila kupandisha sauti, kama anayetaja bei ya zamani. "La kuvunda halina ubani, mwanangu. Sikuombi unisamehe."

"Sikuja kusamehe."

"Najua. Ungekuja kusamehe, ungekuja mkono mtupu." Akamtazama Msemaji, aliyekuwa amejikunja kwenye kigoda. "Wewe nenda nje. Nimekusikia miaka yote. Umenichosha."

Akatoka. Wanawake wawili wakakaa na shamba kati yao. Shangazi akauliza majina ya ng'ombe, Kitinda akamtajia machache, na mengine shangazi alimkumbusha yeye. Haikuwa amani. Ilikuwa kama watu wawili waliokutana kwenye chumba cha maiti, kila mmoja amemfuata wake. Kisha Kitinda akafunga kamba, akaaga, akaondoka.

Aliporudi karakana alilisukuma shamba chini ya meza na kulifunika. Akachukua ubao mwingine, mdogo, wa ukubwa wa sinia la chai. Kazi hii haikumchukua muda, kwa kuwa hakuhitaji kumuuliza mtu. Kuta nne. Kitanda cha waya. Sanduku la bati, alilolikata kwenye kopo la dawa ya meno. Kamba yenye mashuka manne. Mlango mmoja wenye komeo dogo, na sakafu mbele yake imechakaa, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mama hakumchonga. Alijaribu, akaona mikono yake haikubali kumrudisha mle.

Akakipeleka chumba kile nyumbani kwa Msemaji asubuhi ya Jumamosi. Wifi alimfungulia. Tangu ile habari ya gauni la maua ng'ambo ya mto, wifi alikuwa upande wa Kitinda kabisa.

"Kiweke hapo juu ya kabati," Kitinda akasema, "kando ya picha yake ya mnada. Kisiondoke. Mgeni akiuliza, kaka atasema, 'Hapa ndipo Mama Mdogo alipoishia kwa sababu yangu.' Hilo tu. Asiongeze neno."

Msemaji alikuwa amesimama nyuma ya mkewe na kikombe. Akakiangalia chumba. "Neno hata moja?"

"Hata pumzi."

"Na mimi nitakuwepo," wifi akasema. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

Msemaji alikifunika kwa kitambaa mara mbili. Mara zote mbili wifi alikifunua na kumpigia Kitinda simu. Kitinda akaanza kupita bila taarifa, njiani kutoka kazini, akiingia na kuketi kama mdogo yeyote anayemtembelea kaka yake. Hakuwa na haja ya kusema kitu. Usiku alikuwa analala vizuri. Mume wake alimuuliza mara moja kama haoni imetosha, akamjibu kwamba ikitosha atamwambia, na yule bwana, mwenye hekima ya barabara ndefu, hakuuliza tena.

Alasiri moja alimkuta kaka yake na mgeni, mfanyabiashara wa samani, mtu mcheshi aliyekuja kumsalimia dalali wa zamani. Walikuwa katikati ya maongezi, Msemaji akiwa amechangamka, mikono inacheza hewani. Mgeni akaangaza macho kabatini.

"Kazi nzuri ya mikono hii. Ni chumba cha nani?"

Msemaji alimwona Kitinda mlangoni. Mikono ikashuka magotini.

"Hapa ndipo Mama Mdogo alipoishia," akasema, "kwa sababu yangu."

Mgeni akasogea mbele kwenye kiti, uso umejiandaa kwa hadithi, kwa sababu alimjua mwenzake. "Ilikuwaje?"

Mdomo wa Msemaji ukafunguka. Maneno yalikuwepo, yote, yamejipanga; Kitinda aliyaona yakimjaa mashavuni. Akavuta kiti, akaketi mbele yake, akakunja mikono. Wifi akaingia na birika, akammiminia Kitinda chai, akamwongezea sukari bila kuulizwa.

Mgeni akaendelea kungoja.